Hiyo 4.87 Ilitoka Wapi?

Wacha nianze na msimamo wangu ndio tusipotezeane muda. Programu ya simu ikikuambia nyanya zako zimepoteza maji milimita 4.87 leo, na haikuambii ni nini ilipima na ni nini ilikisia, usiilipie. Hata kama iko na rangi poa. Hata kama wenyewe walishinda shindano la ubunifu wakapigwa picha wameshika ile hundi kubwa ya kadibodi.

Na kabla useme "mimi naishi Umoja ghorofa ya tano, nyanya zinanihusu aje," hebu fungua ujumbe wako wa M-Pesa. Wengi wetu ni wakulima wa simu bila hata kujiita hivyo. Kuna ploti ya familia mahali, kuna mtu huko anamwagilia, na kila wiki unapata ile meseji: "Tuma ya maji." Unatuma. Hujui kama ni mengi ama ni kidogo, hujui kama pesa imefika kwa mizizi ama imeishia njiani. Wale watu wa kuuza ndoto za kilimo mtandaoni watakuhesabia miche, kilo na faida ya kila ekari, lakini angalia jedwali lao vizuri: maji yamefichwa kwa mstari mmoja wa chini unaoitwa "gharama nyinginezo." Manze, mahali kama Kitengela, gharama nyinginezo ndiyo kila kitu kingine. Maji ndiyo shamba.

Sasa hayo maji huenda wapi? Ukimwagilia, ni sehemu ndogo sana inabaki ndani ya mmea. Mengi yanarudi hewani kwa njia mbili: udongo unakauka, na mmea unatoa jasho kupitia vitundu vidogo vya majani. Watu wa hesabu huzijumlisha hizo mbili, juu shambani huwezi kuzitenganisha kwa macho. Wanapima kwa milimita, vile mvua inavyopimwa, na milimita moja juu ya mita mraba moja ni lita moja kamili. Shika hiyo, tutaihitaji.

Kinachovuta maji yatoke ni vitu vinne: nishati ya jua, joto la hewa, ukavu wa hewa na upepo. Kama umewahi kuanika jinzi kwa roshani Julai, hii hadithi unaijua tayari. Hakuna jua, baridi, hewa imelowa, siku ya tatu bado kiuno ni chepechepe. Februari na kaupepo kidogo, saa nne unaivaa. Jani la nyanya ni hiyo jinzi, tofauti ni kwamba jani linaweza kufunga vile vitundu likizidiwa. Na likivifunga mara nyingi, usitarajie mavuno.

Mwaka 1948 mwanasayansi anaitwa Howard Penman, wa kituo cha Rothamsted kule Uingereza, aliviweka hivyo vitu vinne kwa hesabu moja. 1965 John Monteith akaongeza upande wa mmea wenyewe, vile unavyozuia maji yasitoke ovyo. 1998 FAO ikachapisha kijitabu namba 56 cha mfululizo wake wa umwagiliaji, ikasema hesabu ya Penman-Monteith ndiyo iwe kipimo cha kila mtu. Lakini hapo kuna kitu watu huruka. Ile hesabu haianzi na nyanya zako. Inaanza na nyasi ya kufikirika, urefu wake sentimita 12, ambayo haikosi maji. Ukishapata maji ya hiyo nyasi, unazidisha na namba ya mmea wako kulingana na umri. Nyanya zikiwa changa ni kama 0.6. Zikijaa na kuanza kubeba, 1.15. Kwa hivyo mtu akikuambia "milimita 5," swali la kwanza ni: za nyasi ama za nyanya? Tofauti hapo inaweza kuwa karibu nusu.

Na usidhani haya ni mambo yaliyotufikia juzi na intaneti. Hapo Muguga, pande za Kikuyu, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki, EAAFRO. Mwaka 1965 mtafiti wa huko, J.S.G. McCulloch, alichapisha majedwali ya kumsaidia mtu kufanya hesabu ya Penman haraka kwa mkono. 1968 T. Woodhead, wa hapo hapo, akatoa utafiti wake kuhusu uvukizi wa Kenya. Watu walikuwa wameketi Muguga na penseli wakifanya hii kazi zaidi ya miaka 50 iliyopita. Leo mimi na wewe tunaambiwa bila malipo ya kila mwezi haiwezekani.

Kuna ugumu wa kweli lakini, na siwezi kujifanya hauko. Ile hesabu kamili inataka vitu vyote vinne vipimwe: jua, joto, unyevu na upepo, tena upepo wa urefu wa mita 2 kutoka chini. Kituo chenye vifaa vyote hivyo hakiko kwa ploti yako. Pengine hata hakiko kwa kaunti ndogo yako. Kwa hivyo mtu yeyote anayekupa namba ya shamba lako, hata profesa, amejaza mapengo mahali. Mimi sina shida na kujaza mapengo. Shida yangu ni mtu kujaza halafu ananiambia hakuna pengo lilikuwa.

Nikupe mfano. Shangazi yangu ana ploti ya hamsini kwa mia upande wa Kitengela. Amepanda nyanya kiwanja chote, ametandika mipira ya dripu, na maji anatoa kwa kisima cha kikundi. Mgao wake ukiisha ananunua lori la lita 10,000. Alikuwa amelipia programu fulani, na kila asubuhi inamtumia namba. Wiki moja ya Februari, jua la kuchoma, upepo unabeba hadi ndoo, ikaleta 4.87, kesho yake 4.91, halafu 4.87 tena. Nikaandikia watu wa huduma kwa wateja: hii mnatoa kituo gani? Wakajibu mfumo wao unatumia setilaiti na akili mnemba. Nikauliza tena, sawa, lakini upepo mmeutoa wapi? Alama mbili za bluu. Hadi leo.

"Kwani nililipia siri?" shangazi akaniuliza. Sikuwa na jibu la kumpa, shangazi yangu si mtu wa kubembelezwa.

Setilaiti si uchawi pia. NASA wana huduma ya bure inaitwa POWER, unaweka mahali ulipo, unapata joto, unyevu, upepo na jua la miaka na miaka. Kitu kizuri sana na ninaitumia. Lakini namba zao za hali ya hewa ni za visanduku vyenye upande wa zaidi ya kilomita 50, na wao wenyewe wameandika hivyo wazi. Chora kilomita 50 kutoka Kitengela kuelekea kaskazini magharibi. Umetoka tambarare kavu ya Kajiado, umepita Nairobi yote, umefika kwa majani chai ya Limuru. Nani amewahi kubeba sweta moja ya hizo sehemu zote? Yeyote anayechukua namba za kisanduku kama hicho akakuuzia kama za ploti yako, deni lake la kwanza ni kukuambia ukubwa wa kisanduku.

Sasa nije kwa kile kitu nimekuwa nikiwasumbua wasee nacho mwezi mzima. Mwaka 1985, George Hargreaves na Zohrab Samani, wote wa Utah State huko Marekani, walitoa hesabu fupi ambayo inahitaji vipimo viwili tu: joto la juu kabisa la siku na joto la chini kabisa. Kingine ni nguvu ya jua juu ya anga kabla ya mawingu, na hiyo hupimi. Inajulikana kutokana na tarehe na umbali wako kutoka ikweta, iko kwa jedwali la FAO. Kwetu hapa karibu na ikweta haibadiliki sana: ukiigeuza kuwa milimita za maji ni kama 15.5 Februari na Machi, na inashuka hadi kama 13.5 katikati ya mwaka.

Utauliza, joto mbili zitajuaje kuhusu jua na mawingu? Hapo ndipo hao wazee walikuwa wajanja. Siku ya anga safi, mchana jua linapiga bila kuzuiwa, joto linapanda sana. Usiku huohuo hakuna blanketi ya mawingu, ardhi inapoteza joto lote, asubuhi unatetemeka. Pengo kati ya juu na chini linakuwa kubwa. Siku ya mawingu, mchana haupati joto na usiku haupoi sana, pengo linakuwa dogo. Kwa hivyo pengo lenyewe linakuchungulia mawingu. Huna kifaa cha kupima jua, lakini thermomita yako ilikuwa inalipima kimyakimya.

Hesabu yenyewe ni hii, toa simu. Chukua wastani wa joto mbili, ongeza 17.8. Zidisha na kipeuo cha pili cha pengo. Zidisha na nguvu ya jua. Zidisha na 0.0023. Umemaliza.

Siku moja ya Februari thermomita ya shangazi ilisoma 29 mchana na 14 alfajiri. Wastani ni 21.5, ukiongeza 17.8 unapata 39.3. Pengo ni 15, kipeuo chake kama 3.87. Ukizidisha zote na 15.5 na 0.0023 unapata milimita 5.4. Hiyo ni ya nyasi. Nyanya zake zilikuwa zimejaa, kwa hivyo mara 1.15, inakuwa 6.2. Ploti ya hamsini kwa mia ni kama mita mraba 465. Zidisha: karibu lita 2,900 kwa siku. Kwa lugha ya nyumbani, mitungi 145 ya lita 20. Lile lori la lita 10,000 halimalizi siku nne.

Ziwe nyanya zile zile, zimejaa vile vile, lakini ni Julai, 23 mchana na 12 usiku. Nyasi inapoteza 3.6, nyanya 4.1, ploti lita 1,900 na kitu, mitungi kama 96. Lori lile lile linafika siku ya tano. Hiyo tofauti ya mitungi 49 kila siku ndiyo watu huita "bahati mbaya" wakilima msimu wa kiangazi kwa bajeti ya msimu wa baridi. Na kama Februari hiyo hiyo miche ingekuwa changa, hesabu ya 0.6, angehitaji kama lita 1,500 pekee. Mtu anayemwagilia kiasi kimoja kuanzia siku ya kupanda hadi kuvuna anazamisha miche halafu ananyima matunda. Maji yakija leo mengi kesho hakuna, nyanya zinaanza kuoza kitako, na mtu wa duka la dawa atafurahi kukuuzia chupa.

(Kitu kidogo: simu yako haipimi joto la hewa. Ile namba ya joto unaona kwa mipangilio ni ya betri. Nunua thermomita ya kuhifadhi joto la juu na la chini, iko madukani, haihitaji mkopo. Iweke kwa kivuli, hewa ipite, urefu wa kifua hivi, mbali na ukuta wa mabati. Ya shangazi iko ndani ya kikreti cha soda kilichopakwa rangi nyeupe, kimegeuzwa, kiko juu ya mti. Kinachekesha, kinafanya kazi.)

Sasa nisikize vizuri hapa juu hapa ndipo mimi na wale wauzaji tunaachana. Hiyo 5.4 yangu nayo ina mapengo. Natakiwa nikuambie ni gani.

Pengo kubwa ni upepo. Hesabu ya Hargreaves haijui upepo kabisa. FAO wenyewe wameandika kwamba inapunguza namba sehemu zenye upepo wa zaidi ya mita 3 kwa sekunde, na inazidisha sehemu zenye unyevu mwingi. Na Kajiado unaijua. KenGen hawakuweka mitambo ya upepo kwenye vilima vya Ngong kwa sababu ya mandhari. Kwa hivyo nilirudi kwa ile hesabu kubwa ya Penman-Monteith na nikajaza mapengo vile kijitabu 56 kinaruhusu. Jua nikalikisia kutokana na pengo la joto. Unyevu nikaukisia kutokana na joto la alfajiri, kwa kuwa usiku hewa hupoa hadi karibu na mahali umande unaanza, na kwa sababu ni eneo kavu nikashusha digrii 2. Upepo nikaweka mita 2 kwa sekunde, ambayo kijitabu kinasema utumie kama huna kipimo. Nikapata 5.3. Karibu sawa kabisa na thermomita peke yake.

Halafu nikabadilisha kitu kimoja tu. Upepo, kutoka 2 hadi 4. Ikaruka hadi 6.3.

Milimita moja, kwa sababu ya upepo pekee. Kwa nyanya za shangazi hiyo ni zaidi ya lita 500 kwa siku, mitungi kama 27. Sasa rudi kwa ile 4.87. Hatua moja ya desimali ya pili ya ile namba ni kama lita 5 kwa ploti nzima, na pengo la upepo ni mitungi 27. Kuandika desimali mbili hapo ni kama kupima unene wa kucha ya mtu ambaye hujui kama ni mtu mzima ama mtoto. Mimi nilimwandikia shangazi kwa karatasi: "Kati ya 5 na 6 na nusu. Siku ya upepo amini ya juu." Akasema hiyo anaelewa. Akabandika kwa mlango wa stoo.

Ukiwa Kilifi ama Mombasa, geuza. Huko hewa imebeba bahari, inanata, na hesabu fupi itakuambia mimea inapoteza kuliko ukweli. Hata ile sehemu ya kukisia jua kutokana na pengo la joto ina kizidishi tofauti karibu na bahari, 0.19 badala ya 0.16 ya bara, kwa sababu bahari inazuia joto lisipande wala kushuka sana na pengo linakuwa dogo hata anga ikiwa safi. Na kama uko Loiyangalani, pale kuna mitambo 365 ya upepo kwa sababu nzuri, usitumie hesabu fupi bila kuirekebisha. Utakausha kila kitu.

Pia usiitumie kuamua jambo la siku moja. Chukua wastani wa siku tano ama zaidi, ndipo inatulia. Siku moja wingu linapita saa saba likakuharibia hesabu.

Ukitaka kuikagua bila mtandao wowote, kuna njia ya mababu: karai. Vituo rasmi hutumia beseni la duara lenye upana wa kama sentimita 121 na kina cha 25, wanapima maji yameshuka milimita ngapi, halafu wanazidisha na namba ambayo mara nyingi huzunguka 0.7, kwani maji yaliyo wazi hukauka haraka kuliko nyasi inavyotoa jasho. Karai la jua kali halitakupa namba rasmi, ni dogo na chuma chake kinachemka. Lakini litakuambia kama wiki hii imekausha kuliko wiki iliyopita. Liwekee wavu tu. Kuku hawaheshimu sayansi.

Najua mtu wa aina gani anakuja sasa. Kuna wale wa programu, nimewamaliza. Halafu kuna msomi. Mmoja aliniambia ana kwa ana, kwa upole kabisa, kwamba bila kituo kamili hii yote ni kubahatisha na ni hatari kuwapa watu wa kawaida hesabu nusu. Na wewe, akaongeza, hukumaliza chuo. Kweli, niliacha mwaka wa tatu, karo ilikuwa imenishinda, na sijawahi kuficha. Lakini hebu tumfuate hadi mwisho wa hoja yake. Shangazi asubiri kituo kamili hadi mwaka gani? Wakati anasubiri, atamwagilia kiasi gani kesho asubuhi? Mkulima hana chaguo la kutokuwa na namba. Akifungua koki kwa saa moja, hiyo ni namba. Hiyo saa moja ndiyo kubahatisha kwa kweli, tofauti ni kwamba hakuna mtu aliiandika mahali ndio tuibishie. Na FAO, watu waliochapisha hesabu kubwa, ndio hao hao waliweka ndani ya kitabu njia za kufanya ukikosa data. Hawakusema ukikosa upepo nenda nyumbani ulale.

Kitu msomi alisema ambacho nakubali: vituo zaidi vinahitajika, na hakuna hesabu itachukua nafasi yake. Kuna mradi unaitwa TAHMO unaoweka vituo vidogo vya hali ya hewa shuleni, Kenya ikiwemo. Mimi ningependa kuona thermomita na kipima upepo kwa kila shule ya upili ya eneo kavu, na wanafunzi ndio wanasoma na kuandika. Nilifanya hesabu za kipeuo cha pili miaka minne bila mtu hata mmoja kuniambia zinafungua koki. Na ningependa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa itoe joto la juu, joto la chini na upepo wa kila kituo, kila siku, bure, kwa umbo ambalo mtu anaweza kunakili kwa simu. Tunapewa utabiri wa kesho. Mimi nataka pia jana, kwa sababu maji ya kurudisha ni ya jana.

Lakini sababu hii kitu imenikalia kwa roho si programu na si msomi. Ni kile kisima.

Kisima cha kikundi kinagawa maji sawa: kila ploti lita 2,000 kwa siku. Inasikika kama haki, si ndio? Sasa jirani wa shangazi alipandikiza miche juzi. Anahitaji kama 1,500. Shangazi, nyanya zimebeba, anahitaji 2,900, na siku ya upepo inakaribia 3,400. Kila mtu anapewa 2,000. Upande mmoja lita 500 zinazama chini ya mizizi michanga. Ng'ambo ya ua, mtu anapungukiwa lita 900 na anapigia lori simu, kwa pesa ya chama ambayo atairudisha na riba. Miezi miwili mbele watabadilishana, jirani ndiye atakuwa anapiga simu. Hakuna mtu mbaya kwa hii hadithi. Kuna kugawa bila kuhesabu tu. Hata wakigawana kulingana na umri wa mimea maji hayatatosha, 1,500 na 2,900 ni 4,400 na kisima kinawapa 4,000. Lakini kupungukiwa lita 400 watu wawili pamoja si sawa na mmoja kupungukiwa 900 na mwenzake kumwaga.

Shangazi alienda na ile karatasi ya mlango wa stoo kwa mkutano. Mwenyekiti akaisoma vizuri, sitasema aliidharau. Akauliza nani ameihesabu. Shangazi akasema ni mtoto wa ndugu yangu. Akauliza ni mhandisi? Hapana. Basi, mwenyekiti akasema, mama, tuletee ripoti ya mtaalamu yenye muhuri ndio kamati iweze kubadilisha mgao. Shangazi, ambaye nilikuambia si wa kubembelezwa, akamuuliza: hizo lita 2,000 za kila mtu, nani alizihesabu, na muhuri wake uko wapi?

Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua. Walikubaliana kitu kimoja: wanachama wanne waweke thermomita, kila mmoja kwa ploti yake, waandike asubuhi saa tatu kwa wiki nne, na afisa wa kilimo wa wadi aitwe kuangalia daftari. Jirani wa miche alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Kipima upepo bado tunachangia. Wiki ya kwanza iliisha Jumapili. Thermomita tatu zimesoma karibu sawa, ya nne iko juu kwa digrii 4 kila mchana, na nimepigia mwenyewe nikimwomba, pole mzee, hebu toa hiyo kitu kwa ukuta wa mabati.